Mtoto wa Tatu wa Mwenyekiti

Kanwasar, 14 Julai 1997

Mjomba Jethmal,

Shikamoo. Naishika miguu yako na ya mkaza mjomba Sugna. Sisi hatujambo. Mvua ilinyesha siku mbili ikakata, na uwele umeota mabaka mabaka. Nyati wetu wa maziwa amezaa. Bibi analalamika goti. Mdogo wangu Pemi ameingia darasa la nne, ameng'oka jino la mbele, na sasa anapiga mluzi darasani akisingizia pengo.

Asante kwa kitabu cha Katiba. Nilidhani kitakuwa chembamba. Nakisoma malishoni, kwa sababu Baba akiniona nacho nyumbani huniuliza, "Mheshimiwa Hakimu, kesi ya vyombo vichafu inasikilizwa lini?"

Nimefika Sehemu ya Tisa, inayohusu vijiji. Nilimsomea Mama kwamba viti visivyopungua theluthi moja ni vya wanawake. Akasema, "Soma tena hapo pa theluthi." Wakati huo Baba alikuwa ofisini kwake, yaani ofisini kwa Mama. Unajua mambo yetu. Watu walimchagua Mama kuwa mwenyekiti wa kijiji, lakini kwenye vikao Baba ndiye hukaa kitini. Mama hukaa mkekani karibu na mlango, ushungi umeshuka mpaka kidevuni, na karatasi zikimfikia huwa zimeshaandikwa. Yeye huweka ile sahihi niliyomfundisha.

Wiki iliyopita aliweka sahihi ya pampu ya mkono. Ilikuwa ichimbwe mtaa wa Wameghwal, kule mwisho wa kijiji, ambako wanawake, kwa tabaka lao la chini, husubiri wengine wamalize ndipo wateke. Karatasi ilisema ihamishiwe mbele ya ua wa naibu mwenyekiti, Thakur Guman Singh. Mama hakujua mpaka niliposoma nakala nyumbani. Hakulia. Alipepeta uwele mpaka ukaisha, kisha akaanza kupepeta ule uliokwisha pepetwa.

Nina swali moja, la masomo tu. Je, mwenyekiti wa kijiji anaweza kuondolewa kwa sababu ya kuzaa?

Mpwa wako,
Kesar


Jodhpur, 2 Agosti 1997

Mpwa wangu Kesar,

Barua yako imefika salama. Huku joto halijapungua, na mafeni ya Mahakama Kuu yanazunguka kwa hiari yao. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Jumatatu alikwenda tena hekaluni. Siku hizi simuulizi anaomba nini. Mwambie Pemi pengo likizibwa, mwalimu atajua.

Nimelipenda swali lako kuliko nilivyopenda sababu yake. Katiba imeweka kile kiti, hilo ni kweli. Lakini soma mbele kidogo, ibara ya 243F. Inaliruhusu bunge la jimbo kutunga sheria ya nani hafai kukikalia. Bunge letu la Jaipur likatunga: mwenye watoto zaidi ya wawili hafai, ikiwa huyo wa ziada kazaliwa baada ya tarehe 27 Novemba 1995. Haliulizi nani alimtaka mtoto. Na usitafute ibara hiyo kwa wakubwa. Mbunge wa Jaipur au wa Delhi akiwa na watoto tisa, anapigiwa makofi siku ya harusi ya kila mmoja.

Utauliza kama mahakama inaweza kuitengua sheria ya namna hiyo. Ibara ya 226 inampa kila mtu haki ya kuja kulalamika Mahakama Kuu. Haimpi wakili, wala haimpi muda. Kesi kama hizi zimeanza kupita mezani kwangu. Sijaona bado iliyoshinda.

Sasa na mimi nina swali la masomo. Swali lako lina miezi mingapi?

Mjomba wako,
Jethmal


Kanwasar, 20 Agosti 1997

Mjomba,

Shikamoo. Mkaza mjomba hajambo? Sisi tuzima. Goti la Bibi limepona ghafla tangu alipopata habari ambayo wewe umeshaikisia. Ndama anakunywa vizuri.

Lina miezi mitano kasoro. Bibi anasema safari hii ni wa kiume, kwa sababu Mama anatamani vitu vya chumvi.

Siku ya Uhuru, tarehe 15, Mama alikwenda shuleni kupandisha bendera. Huo mmoja ndio mwaliko ambao Baba hawezi kumwakilisha, maana mkuu wa wilaya huleta mpiga picha. Mama alipoivuta kamba akasita kidogo kuhema. Guman Singh akasema mbele ya watu wote, "Shemeji, mbona bendera imekuwa nzito mwaka huu?" Wanaume wakacheka. Mama akaendelea kuvuta. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya nguzo ya darasa.

Maneno yanayofuata ni ya Baba. Amesimama nyuma yangu, ananiambia niandike anavyosema.

"Shemeji Jethmal, pokea salamu. Wewe na Sugna miaka kumi na sita hamjajaliwa. Dada yako Gomti atakuja kwenu kujifungua, mwanamke kwenda kwao si jambo la kushangaza mtu. Mtoto ataandikwa kwa jina lako na la mkeo. Hapa kijijini tutasema mimba iliharibika. Kiti kitabaki, nanyi mtapata mtoto. Wewe ni mtu wa mahakama, unajua wapi pa kugonga muhuri."

Nikamuuliza Baba, "Na akiwa wa kiume?"

Akasema, "Wewe andika."

Nimeandika. Nilimuuliza Mama kama ana la kuongeza. Alisema, "Mwambie kaka yangu nimemsalimu."

Kesar


Jodhpur, 4 Novemba 1997

Mpwa wangu,

Heri ya Diwali iliyopita. Tuliwasha taa chache tu. Mimi nilikuwa na homa, sasa imeondoka.

Najua nimechelewa kwa zaidi ya miezi miwili. Barua yenu ilikaa kwenye mfuko wa koti langu la kazini. Kila nilipotafuta kalamu nilikutana nayo.

Nilimsomea Sugna siku ya Karva Chauth, mke anapofunga kumwombea mumewe, hajatia hata maji mdomoni. Labda nilichagua siku mbaya. Asubuhi nilikuta amefua mapazia ya chumba cha nyuma. Tangu hapo amenunua pamba, ameshona godoro dogo, amelifumua, amelishona upya. Majirani ameshawaambia neno, sijui neno gani, kwa sababu wananitazama na kutabasamu.

Mimi nimefanya kazi miaka ishirini na miwili nikigonga muhuri kwenye viapo vya watu wengine. Sitaandika zaidi ya hapo. Mwambie baba yako ndiyo. Gomti aje kabla ya katikati ya Desemba.

Na wewe usiandike tena habari hizi. Ukinitumia barua, zungumzia nyati.

Jethmal


Kanwasar, 21 Novemba 1997

Mjomba,

Shikamoo kwako na kwa mkaza mjomba. Uliniambia nizungumzie nyati. Nyati hajambo, ndama amekua. Bibi hajambo. Pemi hajambo.

Nisamehe, lazima nivunje agizo lako, kwa sababu kuna jambo sijakwambia tangu Julai.

Unamjua Bi Rukma wa kituo cha watoto, anayepima watoto uzito na kugawa unga wa uji. Macho yake hayaoni vizuri, kwa hiyo Jumamosi mimi humsaidia kujaza madaftari, naye hunisifu mwandiko. Mwezi wa Julai tulianza daftari jipya la serikali. Juu ya ukurasa limeandikwa, "Orodhesha kila mama mjamzito wa eneo hili." Bi Rukma akawa anataja na mimi naandika. Alipomaliza akauliza, "Wamebaki wengine?" Nikajibu, "Mama." Nikaandika: Gomti, mke wa Hukmichand, miezi minne, mimba ya tatu. Nilikuwa bado sijafika ibara ya 243F. Niliona limeandikwa kila mama, na Mama yangu ni mama.

Barua ya Baba ya Agosti niliiandika nikiwa najua daftari lipo. Ningeweza kusema, na Baba alikuwa amesimama pale pale. Niliogopa. Kisha nikaanza kutumaini kwamba utakataa, halafu isingekuwa lazima kusema.

Juzi mpwa wa Guman Singh alikuja kituoni, eti kutazama mizani. Bi Rukma alikuwa anakoroga uji. Nilimwona yule mpwa anafungua daftari na kunakili kwenye kiganja cha mkono. Alipotoka aliniambia, "Mwandiko wako mzuri sana, mdogo wangu. Unasomeka hata na sisi tuliofeli."

Ufunguo wa kabati ninao mimi. Jana nililitoa lile daftari, nikalifungua pale, nikakaa nalo mapajani mpaka watoto wote wakamaliza uji. Kurasa zina namba. Ningechana, wangejua nani kachana. Lakini sikuacha kwa sababu ya namba peke yake. Sijui kama ni uaminifu au woga, na sina wa kumuuliza isipokuwa wewe.

Mjomba, ukiapa kwamba mtoto ni wa mkaza mjomba Sugna, wataleta ukurasa ule mbele ya hakimu unayemfanyia kazi. Utafukuzwa, labda hata ufungwe. Na mwandiko utakaokufunga utakuwa wangu.

Sijamwambia Baba. Mama nimemwambia. Aliendelea kukanda unga, kisha akaniuliza, "Mjomba wako ameshajua?" Ndiyo maana naandika.

Kesar


Jodhpur, 1 Desemba 1997

Mpwa wangu Kesar,

Tuzima. Baridi imeanza.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Sugna sikumsomea. Nilimwambia tu kwamba kwenye karatasi jina litabaki la Gomti, maana haiwezekani vinginevyo. Alizima jiko, akavaa viatu, akaenda kwa jirani. Alirudi jioni. Hatujazungumza habari hiyo tena, na wewe usimwandikie kuomba radhi. Utaniletea shida.

Daftari lilikuuliza, ukajibu kweli. Mimi niliulizwa jambo na baba yako nikajibu ndiyo, nami ni mtu mzima na nilikuwa na miezi miwili ya kufikiri. Kwa hiyo acha kujihukumu wewe peke yako.

Mama yako aje hata hivyo. Hapa ni kwao. Mtoto akizaliwa, nani amlee ni neno la mama yake. Mimi sitamshauri, na nimemwomba Sugna asimshauri.

Jambo moja la masomo, nalo ni la kweli safari hii. Mtoto akizaliwa, mwenyekiti haondoki kitini siku ile ile. Sharti mtu alete malalamiko, mwenyekiti aitwe ajieleze, ndipo mamlaka itoe amri kwa maandishi. Mpaka amri hiyo itoke, yeye ni mwenyekiti, na sahihi yake ni halali. Huenda zikawa wiki, huenda ikawa miezi. Msomee maneno haya yeye. Baba yako hana haja ya kuyasikia.

Jethmal


Kanwasar, 30 Januari 1998

Mjomba,

Shikamoo. Tulifika salama na treni haikuchelewa sana. Mtoto hajambo, ananyonya, amepata mafua kidogo yakaisha. Tunakushukuru kwa yote, na mkaza mjomba pia, ingawa sijui nimshukuru vipi.

Ulikuwepo hospitali, kwa hiyo sina haja ya kukwambia jinsi Baba alivyokuja na boksi la peremende, akamuuliza muuguzi, akalifunga boksi. Lakini hukumsikia Bibi. Tulipofika nyumbani na mtoto begani, alimwambia Mama uso kwa uso, "Si ulikubali abaki kwa kaka yako? Angekuwa wa kiume ningesema kiti kiende zake, tumlee wenyewe. Kwa huyu msichana ndiyo unapoteza kiti?" Mama alimvua viatu Bibi, akamkanda goti. Sasa najua Baba alikataa kuniambia nini siku ile ya Agosti.

Jambo lingine siliulizi, ila nalifikiria. Siku tunaondoka mkaza mjomba hakutoka jikoni. Mama alisimama mlangoni pa jiko na mtoto, muda mrefu, mpaka wewe ukasema tutachelewa treni.

Sasa habari ya tarehe 26, Siku ya Jamhuri. Mkutano mkuu wa kijiji unajua unavyokuwa. Hufika wanaume kumi na watano, katibu anakuwa ameshaandika kumbukumbu tangu juzi yake, na jioni huzunguka nyumba kwa nyumba na kidau cha wino akichukua alama za vidole gumba, mpaka itimie ile sehemu moja ya kumi ya wapiga kura. Mwaka huu Mama alimtuma Pemi mapema apite kila mlango. Wakaja wanawake wa mtaa wa Wameghwal wote. Wakaja na wa kwetu, wengine ili wamwone mtoto tu. Katibu alipowaona akauliza, "Kuna harusi?"

Mama akaingia na mtoto, akaupita mkeka, akaenda kusimama kando ya kiti alichokalia Baba.

"Nataka kukaa," akasema.

Baba akanong'ona, "Gomti, watu wanatazama."

"Ndiyo. Ndiyo maana nataka kukaa."

Bi Rukma akapaza sauti kutoka nyuma, "Mpishe mzazi, we Hukmichand! Au na wewe umetoka hospitali?" Watu wakacheka, Baba akasimama. Nilimwonea huruma Baba, Mjomba. Hakujua aweke wapi mikono.

Guman Singh akasema kwa upole, "Shemeji, hongera. Tulisikia mimba imeharibika. Huyo ni wa nani?"

Mama alikuwa amepandisha ushungi mpaka puani tu. Akasema, "Wangu. Wa tatu. Katibu, andika."

Katibu akageuza kurasa zake. "Niandike wapi, mama? Humu nimeshamaliza."

"Basi anza upya. Andika kwanza pampu irudi mtaa wa Wameghwal, ilikopangwa. Halafu chini yake andika mtoto."

"Mmesikia wenyewe!" Guman Singh akasimama. "Amekiri kwa kinywa chake. Huyu si mwenyekiti tena, na hiyo sahihi yake ni uchafu wa kalamu!"

Mama akanigeukia. "Kesar, sema."

Mjomba, unanijua. Darasani nikiitwa jina huwa natamani kuingia ndani ya dawati. Nilisimama, nikasema mpaka amri itoke kwa maandishi, lakini sauti ilitoka kama ya kifaranga. Mzee mmoja akasema, "Kwa nguvu, Hakimu, huku hatusikii!" Jina lile la Baba limeenea kumbe. Nikasema tena. Nikasema malalamiko, kujieleza, amri, kwa mpangilio ulioniandikia. Nikasema leo mwenyekiti ni huyu. Kisha nikakaa.

Walinyoosha mikono. Katibu alihesabu mara mbili, akaandika upya mstari kwa mstari huku akipumua kwa nguvu, na Mama akaweka sahihi.

Siku nne sasa Baba hasemi na mtu yeyote isipokuwa Pemi. Jana Guman Singh alikwenda wilayani na faili.

Naomba unijibu, hata kwa mistari miwili.

Kesar


Kanwasar, 9 Aprili 1998

Mjomba,

Shikamoo. Hujanijibu, na nadhani najua kwa nini, kwa hiyo sitalalamika. Kifurushi cha mkaza mjomba kilifika Machi bila barua. Ndani mlikuwa na lile godoro dogo. Mama alilinusa, akalikunja, na mtoto hulalia hilo kila siku. Bibi goti limerudi. Baba ameanza kuzungumza, ingawa ni mambo ya mashamba tu. Mitihani yangu ilikwenda vizuri, isipokuwa hesabu.

Mama aliitwa wilayani tarehe 16 Machi. Afisa alimuuliza ana watoto wangapi, akajibu watatu. Akamwonyesha nakala ya ukurasa wa Bi Rukma na kumuuliza kama anakanusha. Mama akasema, "Huo ni mwandiko wa binti yangu, hakuna kosa hata moja." Afisa akauliza kama ana la kuongeza. Akasema pampu imechimbwa tarehe 11, na maji ya siku mbili za kwanza yalikuwa na chumvi, sasa ni mazuri. Afisa akasema hilo halihusiani na shauri. Hakuliandika.

Amri imeletwa leo asubuhi na tarishi wa baiskeli. Kuanzia tarehe yake Mama si mwenyekiti. Kutakuwa na uchaguzi mdogo. Kiti bado ni cha mwanamke, na wanasema atagombea mke wa Guman Singh. Nimeishi naye kijiji kimoja miaka yangu yote kumi na mitano na sijawahi kuisikia sauti yake.

Nilimsomea Mama amri yote, kurasa mbili. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akauliza, "Mbona kila mahali wanasema mtoto wa tatu, mtoto wa tatu? Jina lake hawakuandika?"

Nikamwambia hapana, hata mimi na yeye hatujui jina lake. Bibi hajaita watu wa sherehe ya jina, Baba hajamwambia aite, na miezi mitatu imepita tunamwita Mtoto.

Mama akakaa akimtazama alivyolala. Akasema, "Wamemtoa mtu kitini kwa ajili yake, na hakuna aliyeuliza anaitwa nani." Kisha akaniambia nichukue kalamu, nichore mstari pembeni ya amri, palipoandikwa mtoto wa tatu kwa mara ya kwanza, ila nisiandike kitu. Akasema, "Mwandikie mjomba wako. Muulize Sugna angependa aitwe nani."

Nikamuuliza kama ana uhakika, maana huku kwetu jina hutolewa na upande wa baba. Akasema niandike kabla tarishi wa posta hajapita.

Kwa hiyo naandika. Mwambie mkaza mjomba asiharakishe. Nafasi nimeipima kwa rula, inatosha hata jina refu.

Mpwa wako,
Kesar